Kupima Ushawishi Usiofaa katika Adhabu za Makosa Dhidi ya Watoto: Mwongozo wa Mahakama za Shirikisho za Marekani

Mtoto wa miaka 15 anapopanda basi peke yake, bila kushikwa mkono wala kutishwa, akaenda kukutana na mtu mzima aliyemtumia nauli, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa mahakamani: je, hakwenda kwa hiari yake? Katika kuamua hatia, sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi mtu mzima huyo nafasi ya kujificha nyuma ya ridhaa ya mtoto. Hata hivyo, swali hilohilo hurudi siku ya adhabu likiwa na sura nyingine, kwa sababu hakimu hutakiwa kupima kama mtu mzima aliipinda hiari ya mtoto kiasi cha kustahili kuongezewa adhabu. Nyongeza hiyo ndiyo inayoitwa ya ushawishi usiofaa, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuitumia na namna ya kuipinga.

Nimewakusudia wakalimani wa Kiswahili, wanafunzi wa sheria, wahudumu wa jamii, pamoja na familia zinazokaa Marekani ambazo mtoto wao amedhurika au ndugu yao ameshtakiwa. Msomaji aliyezoea sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makosa ya kingono anajua kwamba kifungu chake cha 8 hupanga adhabu ya unajisi kwa umri wa mtoto: kifungo cha maisha ikiwa mtoto ana miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 akiwa na miaka 16 hadi 18. Utaratibu wa shirikisho wa Marekani hauendi hivyo. Humo adhabu hujengwa kwa ngazi, yaani namba za uzito wa kosa ambazo jumla yake hugeuzwa kuwa miezi ya kifungo, tabaka juu ya tabaka, na ushawishi ni mojawapo ya tabaka hizo.

Hatua ya kwanza: tambua kifungu kinachotawala kesi

Nyongeza ya ushawishi usiofaa imo katika zaidi ya kifungu kimoja cha Mwongozo wa Adhabu unaotolewa na Tume ya Adhabu ya Marekani, na uzito wake hutofautiana. Kifungu cha 2G1.3, kilichoanza kutumika Novemba 2004, kinahusu kumshawishi mtoto kwa mawasiliano ili ajiingize katika ngono iliyokatazwa, kumsafirisha kwa nia hiyo, na kumtumikisha katika biashara ya ngono. Hapo nyongeza ni ngazi 2. Kifungu cha 2A3.2 kinahusu kujamiiana na mtoto ambaye hajafikisha miaka 16 katika maeneo yaliyo chini ya mamlaka ya shirikisho, na hapo nyongeza ni ngazi 4. Anayenakili hoja kutoka kesi ya kifungu kimoja na kuipeleka kwenye kingine bila kuangalia tofauti hii atakosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

Vilevile hakikisha toleo la Mwongozo. Linalotumika ni lile lililo hai siku ya kutoa adhabu, isipokuwa pale ambapo toleo hilo lingemwongezea mshtakiwa adhabu kuliko lile lililokuwapo siku ya kosa. Katika hali hiyo Katiba inalazimisha kurudi kwenye toleo la zamani, na Mahakama ya Juu ilithibitisha jambo hilo mwaka 2013.

Hatua ya pili: thibitisha kwamba yupo mtoto halisi

Kesi nyingi za mtandaoni huanza kwa askari kanzu anayejifanya binti wa miaka 14. Kwa madhumuni mengine ya kifungu cha 2G1.3, askari huyo huhesabiwa kuwa mtoto. Kwa nyongeza ya ushawishi usiofaa hahesabiwi. Mahakama za rufaa za shirikisho, ambazo kila moja husimamia eneo liitwalo Mzunguko, ziligawanyika juu ya jambo hili: ya Mzunguko wa 11 iliruhusu nyongeza mwaka 2002 kwa kutazama mwenendo wa mshtakiwa peke yake, huku ya Mzunguko wa 7 mwaka 2003 na ya Mzunguko wa 6 mwaka 2005 zikikataa, kwa hoja kwamba hiari isiyokuwapo haiwezi kupindwa. Tume ilimaliza mgogoro huo kwa marekebisho yaliyoanza tarehe 1 Novemba 2009, yanayosema kwamba nyongeza haitumiki endapo “mtoto” pekee katika kosa ni askari kanzu.

Naona uamuzi wa Tume ulikuwa sahihi, kwa kuwa unatufundisha kitu kinachopimwa. Hatupimi ubaya wa nia ya mtu mzima, maana huo umekwisha kuhesabiwa katika kosa lenyewe. Tunapima kilichotokea ndani ya mtoto. Asiyelishika jambo hili atapotea katika hatua zote zinazofuata.

Zingatia pia kwamba si lazima ngono iwe imefanyika. Hiari ya mtoto inaweza kuwa imeharibiwa hata kama polisi walimkuta kituo cha basi kabla hajafika alikokuwa akienda.

Hatua ya tatu: hesabu miaka kwa nyaraka

Maelezo rasmi yanayoambatana na kifungu yanasema kwamba ikiwa mshiriki wa kosa amemzidi mtoto kwa miaka 10 au zaidi, kunakuwa na dhana inayoweza kukanushwa kwamba ushawishi usiofaa ulikuwapo, yaani mahakama huchukulia hivyo mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Neno “mshiriki” lina maana pana kuliko “mshtakiwa”, kwani ni mtu yeyote anayewajibika kijinai kwa kosa hilo, hata kama hakutiwa hatiani. Kijana wa miaka 21 aliyemleta binti wa miaka 16 kwa kuwadi wa miaka 38 hawezi kusema tofauti ya miaka ni 5 na kuishia hapo, ikiwa kuwadi huyo ni mshiriki na mwenendo wake ni sehemu ya kosa linalohesabiwa dhidi ya kijana.

Katika familia zinazozungumza Kiswahili hesabu hii ina mtego. Wakimbizi wengi waliotoka Kongo wameandikishwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa siku halisi haikujulikana wakati wa usajili kambini, na pengine hata mwaka ulikadiriwa. Tofauti ya miaka 10 na miezi 2 kwenye karatasi inaweza kuwa miaka 9 katika ukweli, au kinyume chake. Kwa hiyo tafuta cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, ripoti ya shule au kumbukumbu za usajili wa kambi, na uvilinganishe kabla ya kukubali tarehe iliyoandikwa katika ripoti ya mahakama. Wakati mwingine uchunguzi huu huibua jambo zito kuliko dhana yenyewe, yaani kama mtoto alikuwa na umri uliodaiwa siku ya tukio.

Dhana hii, tena, inakaa katika maelezo ya Tume na wala haimo katika maneno ya kifungu chenyewe. Tangu mwaka 1993, katika shauri la Stinson lililoamuliwa na Mahakama ya Juu, maelezo hayo yalihesabiwa kuwa na nguvu ya kufuatwa. Baada ya shauri la Kisor la mwaka 2019, la mahakama hiyohiyo, baadhi ya mahakama za rufaa zimeanza kuuliza kwanza kama maneno ya kifungu yana utata kabla ya kuyategemea maelezo ya Tume. Wakili wa utetezi anayetaka kulinda hoja hii kwa ajili ya rufaa aiandike mapema katika pingamizi lake, na mwendesha mashtaka mwenye busara asitegemee dhana peke yake pale ambapo ushahidi wa ushawishi upo.

Hatua ya nne: kusanya ukweli unaohusu hiari ya mtoto

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwongozo unamtaka hakimu auangalie kwa karibu ukweli wa kesi ili aone kama ushawishi wa mshiriki uliharibu hiari katika mwenendo wa mtoto. Hakuna orodha rasmi ya vigezo. Kwa hiyo anayeandaa kesi aifuate habari kwa mpangilio wa wakati, kuanzia ujumbe wa kwanza hadi siku ya mwisho, na katika kila kituo ajiulize kitu kimoja: mtoto alikuwa na uhitaji gani, na nani aliyeshika ufunguo wa uhitaji huo?

Mtoto aliyetoroka nyumbani ana uhitaji wa mahali pa kulala. Akipewa kitanda na mtu ambaye siku ya tatu anamwambia kwamba kodi inalipwa kwa mwili, “ndiyo” yake imetoka kwenye hofu ya kurudi barabarani. Mtoto mwingine hana shida ya kitanda wala chakula, lakini nyumbani hasikilizwi, na mtu mzima amemwandikia kila usiku kwa miezi minne, akamsifu, akamwahidi ndoa, akamfanya aone kwamba mama yake ni adui. Hapo hakuna tishio hata moja, wala hakuna senti iliyotoka, na bado hiari imeshikwa. Simu iliyonunuliwa kwa siri inapaswa kuandikwa katika kumbukumbu za kesi, pamoja na bei na tarehe, kwa sababu huonyesha njia iliyomwezesha mtu mzima kumfikia mtoto bila mzazi kujua. Dawa za kulevya na pombe ni dalili nzito, hasa pale ambapo mtoto hakuwa mtumiaji kabla. Picha zilizohifadhiwa na kutajwa kila mtoto anapotaka kuacha ni nzito zaidi, na wakati mwingine huifungua kesi kwenye vifungu vingine kabisa.

Usiuache upande wa pili. Ikiwa mtoto alikataa mara kadhaa na kukataa kwake kukaheshimiwa, iandike. Kadhalika andika ikiwa yeye ndiye aliyetafuta mawasiliano, au ikiwa tofauti ya miaka ni 6 na wawili hao walisoma shule moja na kujuana kupitia marafiki. Bila tofauti ya miaka 10 hakuna dhana, na serikali inabaki na mzigo wake wote wa kuthibitisha nyongeza kwa mizania ya uwezekano, yaani kwamba inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Kiwango hicho ni cha chini kuliko kile cha kutia hatiani, lakini bado ni mzigo, na hauwezi kubebwa na hasira peke yake.

Hatua ya tano: linda maneno ya mtoto yasipotee katika tafsiri

Mtoto anayezungumza Kiswahili hatasema maneno ya sheria. Atasema “alinirubuni”, au “alinidanganya”, au “alinibembeleza mpaka nikakubali”, au pengine “alinitongoza” tu. Maneno haya hayalingani. Kurubuni kumebeba hila na ahadi. Kubembeleza kunaonyesha kurudiwarudiwa kwa maombi hadi nguvu ya kukataa inaisha. Kutongoza kwaweza kutajwa hata kati ya vijana wa rika moja bila lawama yoyote. Mkalimani anayeyatia yote katika neno moja la Kiingereza amemwondolea hakimu kitu alichotakiwa kukipima.

Neno la hatari kuliko yote ni “nilikubali”. Katika Kiswahili mtu hukubali kwa furaha, na mtu hukubali kwa kuchoka. Mateka naye hukubali. Likitafsiriwa peke yake, bila sentensi iliyolitangulia, husomeka kama ridhaa kamili. Ninawasihi wakalimani wasiongeze maana ambayo mtoto hakuisema, kwa kuwa kiapo chao hakiwaruhusu, bali waombe ruhusa ya kueleza mahakama kwamba neno lina maana zaidi ya moja, ili muulizaji amrudie mtoto na kumwuliza alikubali vipi, lini, na baada ya kuambiwa nini.

Majina ya heshima nayo huleta mkanganyiko. Binti anaweza kumwita mwanamume yeyote wa rika la baba yake “anko” au “baba mdogo” bila kuwa na undugu naye. Afisa anayeandika ripoti akilichukua neno hilo kama lilivyo, anaweza kudhani mshtakiwa ni jamaa wa mtoto na kupendekeza nyongeza nyingine tofauti, ile ya mzazi, jamaa, mlezi au mwenye uangalizi. Uliza mtoto anaishi na nani, na nani aliachiwa kumwangalia, kisha uliandike jibu kwa maneno kamili.

Hatua ya sita: jibu dhana, au itetee

Mshtakiwa aliyemzidi mtoto kwa miaka 10 hajafungiwa mlango. Dhana inaweza kukanushwa, lakini kwa ushahidi unaohusu hiari ya mtoto katika tukio lenyewe. Hoja ambayo nimeiona ikirudiwa katika maandiko ya utetezi, kwamba mtoto “alikuwa mzoefu” au aliwahi kuuza mwili kabla, naiona kuwa dhaifu kisheria na isiyo ya haki kwa mtoto. Madhara ya zamani humfanya mtoto awe rahisi zaidi kuelekezwa na mtu mzima, na aliyenyanyaswa mara mbili hajawa mtu mzima kwa kunyanyaswa. Hoja yenye nguvu zaidi kwa utetezi ni ile inayoonyesha mlolongo wa mawasiliano: nani alianza, nani alipanga, kama kulikuwa na zawadi, kama mtoto alikuwa na uwezo wa kuondoka na aliutumia.

Kwa upande wa serikali, kutaja miaka na kuketi ni uzembe. Hakimu anayetoa nyongeza kwa dhana tupu, wakati upande wa pili umeleta ushahidi, anaacha uamuzi ambao mahakama ya rufaa itaupata ukiwa na tundu.

Hatua ya saba: usihesabu kitu kimoja mara mbili

Katika kifungu cha 2G1.3, ushawishi usiofaa na kudanganya utambulisho, kwa mfano kujitaja kuwa kijana wa miaka 17, vimewekwa katika nyongeza moja, hivyo vyote viwili vikiwapo bado ni ngazi 2. Katika 2A3.2, nyongeza ya ushawishi haitumiki kabisa ikiwa ile ya uangalizi wa mtoto imekwisha kutumika. Nyongeza ya uangalizi ikitumika, ile ya jumla ya kuvunja uaminifu iliyo katika Sura ya 3 haiongezwi juu yake. Na pale ambapo kifungu kimekwisha kuzingatia umri wa mtoto, umri huohuo hauwezi kuwa sababu ya kumwita mwathirika aliye katika hali ya udhaifu, jambo ambalo lina nyongeza yake, isipokuwa kuna jambo jingine kama ulemavu. Watoto wakiwa zaidi ya mmoja chini ya 2G1.3, kila mmoja huhesabiwa kama shtaka lake, na ushawishi hupimwa kwa kila mtoto peke yake.

Hatua ya nane: piga hesabu mpaka mwisho

Watu hubishana siku nzima juu ya ngazi 2 bila kujua zitabadilisha nini. Tuseme mshtakiwa asiye na rekodi ya makosa amekiri kumshawishi mtoto kwa mtandao. Ngazi ya msingi ni 28. Matumizi ya kompyuta au simu yanaongeza 2. Tendo la ngono linaongeza 2. Kukiri kwa wakati kunapunguza 3. Anabaki na 29, yaani miezi 87 hadi 108. Lakini sheria ya kosa hilo inaweka kiwango cha chini cha lazima cha miaka 10, kwa hiyo adhabu inayopendekezwa inakuwa miezi 120. Ongeza ngazi 2 za ushawishi: 31, yaani miezi 108 hadi 135, ambayo kwa sababu ya kiwango cha lazima inasomeka 120 hadi 135. Ubishi wote ulikuwa juu ya miezi 15 ya juu.

Lakini kama mtu huyohuyo alirudia mwenendo huo, hata na mtoto yuleyule kwa nyakati mbili tofauti, kifungu cha 4B1.5 kinaweza kuongeza ngazi 5. Hapo bila ushawishi ni ngazi 34, miezi 151 hadi 188. Pamoja nao ni 36, miezi 188 hadi 235. Ngazi zilezile 2 sasa zina uzito wa miaka. Katika kifungu cha 2A3.2, ambako kosa la kawaida halina kiwango cha chini cha lazima, ngazi ya msingi ya 18 ikipunguzwa 3 inatoa miezi 18 hadi 24, na nyongeza ya 4 inaipandisha kuwa miezi 30 hadi 37. Fanya hesabu hii kabla ya kuamua kama mtoto aitwe kutoa ushahidi tena katika kikao cha adhabu. Kumrudisha kizimbani kwa ajili ya ngazi ambazo hazitabadilisha kifungo ni kumwumiza bure.

Tangu shauri la Booker la mwaka 2005, Mwongozo humshauri hakimu bila kumfunga. Bado ni lazima aanze na hesabu sahihi, kisha apime mambo yote ambayo sheria inamwagiza kuyapima.

Hatua ya tisa: shika tarehe

Afisa wa probesheni hutakiwa kutoa ripoti ya kabla ya adhabu angalau siku 35 kabla ya kikao. Pingamizi huandikwa ndani ya siku 14 baada ya kuipokea, na ripoti ya mwisho hufika kwa hakimu angalau siku 7 kabla. Pingamizi lisiseme tu “tunakataa aya ya 32”. Litaje ukweli unaobishaniwa na ushahidi unaoupinga, kwa kuwa ukweli usiopingwa hakimu anaweza kuuchukua kama ulivyo. Pingamizi likiwapo, hakimu anapaswa kuliamua, au kusema kwamba halina athari katika adhabu. Katika nyaraka zinazowekwa wazi mtoto atajwe kwa herufi za kwanza za jina lake tu. Familia ya mtoto ijue kwamba sheria ya mwaka 2004 kuhusu haki za waathirika inawapa nafasi ya kusikilizwa siku hiyo, na waombe mkalimani mapema badala ya kumtegemea kaka au dada wa mtoto.

Siku ya kikao, omba hakimu aseme kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu, ni ukweli upi uliomfanya aone kwamba hiari ya mtoto iliharibiwa au haikuharibiwa. Baada ya hukumu kuingizwa, mshtakiwa ana siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa, na serikali ina siku 30.